Uza Kwanza, Kata Baadaye: Ushauri kwa Mafundi Cherehani wa Kilosa na Mikumi

"Nina cherehani, nina simu ya kugusa, na kona ya chumba imejaa vipande vya vitenge na jinzi za mtumba. Nifanye nini nipate hela?" Swali hili linanifikia kutoka Kilosa mjini, Kimamba, Dumila, Ruaha na Mikumi, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo. Kumjibu mmoja mmoja hakutoshi tena. Baadhi yenu mmeshahudhuria semina, mkasikia habari za uchumi wa mzunguko na ubunifu wa kidijitali, mkarudi nyumbani na cheti lakini bila mteja.

Jibu langu ni hili. Kitambaa hakiharibikii kwenye sindano, kinaharibikia kwenye mkasi. Fundi anakata kabla hajajua nani atanunua, kwa kipimo gani na kwa bei gani. Kazi ya simu ni kuyahamisha makosa hayo kutoka kwenye kitambaa kwenda kwenye kioo, maana huko ukikosea unafuta na hujapoteza hata inchi. Ukiitumia simu kwa jambo hilo moja tu, umeshawapita wengi wanaoitumia kuangalia mishono ya Lagos na Dakar hadi bando linakwisha.

## Kwanza jua una nini mkononi

Usipange biashara yako kwa kungoja mitumba ipigwe marufuku, wala kwa kuogopa kwamba itapigwa. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuondoa unafuu wa AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza kamba, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa unafuu wa nguo mwaka 2018. Na tangu 1 Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo zilizotumika kando na taka nyingine. Zikishakusanywa, lazima ziende mahali. Kwa hiyo malighafi ipo na itaendelea kuwepo. Mashaka yapo kwenye ubora wake.

Kabla ya kununua au kukata chochote, jaribu kwa moto. Chomoa nyuzi chache upande wa ndani wa pindo, zishike kwa koleo juu ya sahani, uwashe kiberiti:

- Zikiungua kama karatasi, zikanuka karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Hiyo inapigwa pasi vizuri, inashika rangi, inapitisha hewa.
- Zikiyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, ni poliesta. Inafaa mifuko, pochi na bitana za mikoba. Usiwashonee watoto nguo za kulalia.
- Zikifanya yote mawili, ni mchanganyiko, na nguo nyingi za mtumba siku hizi ndivyo zilivyo.

Halafu gawa mzigo mafungu matatu: nguo za kurekebisha na kuuza kama zilivyo, nguo za kubadilisha umbo, na nguo za kuvunja ili upate kitambaa, zipu na vifungo. Wengi wanakosea hapo hapo. Wanavunja shati zima la pamba lisilo na tatizo zaidi ya kifungo kimoja kukosekana, eti wanabuni. Shati hilo lingerudishiwa kifungo na kupigwa pasi lingeuzika leo leo.

Jambo jingine: fua kwanza. Fua kila kitu kabla ya kupima. Pamba ikifuliwa inaweza kusinyaa, na jinzi ya bluu iliyoiva itachuja rangi juu ya kitenge cheupe ulichokiunga nayo. Jinzi ifue peke yake mara kadhaa hadi maji yaache kuwa ya bluu. Nguo za ndani za mtumba achana nazo kabisa, Shirika la Viwango (TBS) haliziruhusu.

## Anza na marekebisho, hata kama hayana sifa

Najua hamkutaka kusikia hili. Mnataka kuanza na chapa, nembo na jina zuri. Lakini fundi asiye na hela ya kila siku huishia kuuza mkoba wake wa kwanza kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anadaiwa mchango shuleni.

Marekebisho ndiyo uchumi wa mzunguko wenyewe, tena ule usiohitaji mfadhili: kupunguza kiuno, kushusha upindo, kubadili zipu, kugeuza ukosi uliochakaa, kuweka kiraka cha ndani kwenye suruali ya shule. Mteja analeta kitambaa chake mwenyewe. Mtaji wako ni uzi na muda.

Tazama kalenda ya wilaya yenu. Desemba na Januari ni sare za shule. Katikati ya mwaka, mazao yakishatoka shambani, ndipo sherehe zinapoanza na watu wanatoa nguo sandukuni wakikuta haziwatoshi. Juni hadi Oktoba, kiangazi, magari ya watalii yanajaa Mikumi. Masika, Machi hadi Mei, mambo yanalala. Hiyo ndiyo miezi ya kuchora, kupima patani na kutengeneza sampuli, si miezi ya kununua belo la mitumba.

## Simu kabla ya mkasi

Hizi ndizo hatua ninazoshauri, kwa mpangilio huu.

1. Andika vipimo kwenye jedwali la simu, si kwenye karatasi ya sigara. Programu yoyote ya majedwali inatosha. Safu moja kwa kila mteja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mgongo, urefu wa mkono, tarehe. Weka na sehemu ya maelezo: "bega la kulia limeshuka", "hapendi kubanwa kwapani". Mteja akirudi mwakani humpimi upya yote, unahakiki kiuno na nyonga tu.

2. Piga picha kitambaa ulichonacho, na kipimo juu yake. Weka futikamba kando ya kipande, upige ukiwa juu yake wima. Kila kipande kipe namba. Ukiwa na vipande 40 vyenye namba, una ghala. Vikiwa kwenye gunia bila namba, una gunia.

3. Chora mpangilio wa kukata kwa skeli. Mraba mmoja uwe inchi moja. Kama una kompyuta, Inkscape ni bure na inafaa sana. Kama una simu tu, programu za kuchorea kama ibis Paint zina miraba ya kuongozea. Na kama simu ni ndogo mno, tumia daftari la hesabu, kisha lipige picha. Hakuna aibu hapo, maana cha muhimu ni kwamba vipande vimepangwa kabla ya kuguswa.

4. Mwonyeshe mteja mchoro, pokea advansi. Nusu ya bei, kwa simu, kabla mkasi haujafunguliwa. Anayekataa kutoa advansi kwa nguo ya kushonewa mara nyingi hatarudi kuichukua.

5. Sasa kata.

Hatua ya tatu ndiyo inayorudisha fedha, kwa hiyo nikae nayo kidogo. Viwandani, makadirio yanayotajwa sana ni kwamba takribani asilimia 15 ya kitambaa hubaki chini ya meza ya kukatia. Kwa fundi anayekata kwa macho sishangai ikiwa zaidi. Pisi ya kitenge ya yadi 6 ina urefu wa inchi 216, na upana wake huwa kati ya inchi 44 na 46, ila usiamini lebo, pima. Chora mstatili huo. Weka ndani yake vipande vikubwa kwanza: mbele, nyuma, mikono. Kisha jaza matundu kwa vidogo: ukosi, mifuko, mkanda, kilemba. Sketi iliyopanuka chini ukiiweka kichwa-miguu na mwenzake, ubavu kwa ubavu, zinalaliana na nafasi inabaki ya mkoba mdogo.

Tahadhari moja: kitenge chenye picha za ndege, mitungi au wanyama wanaotazama upande mmoja hakikubali mpangilio wa kichwa-miguu. Utashona gauni ambalo mbele ndege wanaruka na nyuma wamening'inia kama popo. Kwa khanga kuna jambo zaidi: pindo na jina. Chora kwanza uone jina litaangukia wapi mwilini. Maneno ya khanga yakikatwa katikati yanaweza kusema jambo ambalo mvaaji hakulikusudia, tena yakiwa yameangukia makalioni.

Wazee wa Pwani walilimaliza suala la mabaki zamani bila kompyuta. Khanga huvaliwa nzima, kikoi hufungwa kizima, na kanzu hukatwa kwa vipande vilivyonyooka ambavyo haviachi mabaki ya maana. Ukikwama, rudi kwenye mistatili.

## Patani za bure, na jinsi zinavyoharibiwa na printa

Kuna patani nzuri za bure. FreeSewing hufunguliwa kwenye kivinjari: unaingiza vipimo vya mtu, nayo inachora patani ya mwili wake. Seamly2D ni programu ya kompyuta, nayo ni bure, kwa anayetaka kuchora mwenyewe mwanzo hadi mwisho na kubadili saizi kwa kubadilisha namba. Hazina Kiswahili, kwa hiyo kaa na kijana anayesoma Kiingereza siku ya kwanza. Ukishazoea, majina ya vipimo hayakusumbui.

Makosa yanatokea mnapokwenda kuchapisha kwenye duka la steshenari:

- Printa inapunguza ukubwa. Mhudumu akiacha mpangilio wa "toshea kwenye karatasi", patani yote inanywea, na gauni la saizi 14 linatoka halimtoshi mwenyewe. Mwambie achapishe asilimia 100. Patani hizi huwa na kiboksi cha kupimia. Mwombe achapishe ukurasa wenye kiboksi hicho peke yake, kipime kwa rula hapo hapo dukani, kikiwa sawa ndipo achapishe zilizobaki.
- Kurasa ni nyingi. Gauni moja laweza kula zaidi ya kurasa 20 za A4. Hesabu gharama kabla. Mara nyingi ni nafuu kusoma vipimo kwenye kioo na kuchora kwa mkono juu ya karatasi ya kaki.
- Nafasi ya mshono. Patani nyingine zinayo tayari, nyingine hazina. Usipotazama, utapungukiwa na nusu inchi kila upande, yaani inchi mbili kwenye mzunguko wa nguo yenye mishono miwili ya ubavuni.
- Kupiga picha patani ya zamani kutoka karibu. Lenzi ya simu ikiwa karibu hupinda kingo. Simama juu ya kiti, patani iwe sakafuni, rula iwe ndani ya picha.

Hifadhi kila kitu mahali pa pili: kwenye akaunti ya mtandaoni au kwenye fleshi. Simu ikidondoka bwawani, na vipimo vya wateja vinaondoka nayo.

## Mfano mmoja kwa undani: mkoba wa jinzi

Chukua jinzi ya mwanaume ya kiuno 34, iliyochanika magotini au iliyochakaa mapajani. Usiikate bado. Ipime, ichore.

Fumua mshono wa nje wa kila mguu, ule mwepesi wa mstari mmoja. Mshono mzito wa kukunja uache, ndio utakaosimama katikati ya mkoba kama pambo na kuupa nguvu. Mguu ukifunguka unapata kipande kipana juu na chembamba chini. Kwenye sehemu nzima iliyo chini ya goti utapata upana wa inchi 15 au 16. Kata vipande viwili, upana 15, urefu 17. Nafasi ya mshono nusu inchi ubavuni na chini, inchi moja na nusu juu kwa kukunja.

Mfuko wa nyuma wa suruali, ubandue pamoja na kitambaa kilicho chini yake, uushone kwenye uso wa mbele kabla ya kuunga mbavu. Kila mtu anakumbuka hili baada ya kuunga, ndipo anaanza kupambana na cherehani ndani ya gunia. Mkanda wa kiuno ukiukata nusu unapata vipande viwili vya inchi 17, vinatosha kushika mkononi lakini havifiki begani. Kwa mkoba wa begani tumia kamba ya mkonge iliyosukwa vizuri. Wilaya hii imelima mkonge tangu enzi za Wajerumani, na Kimamba bado inaujua. Ila ncha zake zifunike kwa kitambaa, la sivyo zitamchoma mteja bega.

Sindano iwe namba 16. Ukitumia namba 11 kwa jinzi itakatika kwenye makutano ya mishono, na kipande chake kinaruka usoni. Pale pakiwa pazito mno, zungusha gurudumu kwa mkono, usikanyage. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba utaoza kabla ya mkoba.

Bitana? Shati la pamba lile ulilokuwa unataka kulivunja bila sababu. Hapa sababu ipo, kama lina doa lisilotoka.

## Nani atanunua

Msiniambie "watalii". Hilo si jibu. Mtalii yupi, analala wapi, ana nafasi gani kwenye begi?

Wanaokuja kwa ndege ndogo. Wengi huruka asubuhi kutoka Zanzibar, wanatembezwa hifadhini na kurudi jioni. Ndege hizo kwa kawaida huruhusu mzigo wa kilo 15 kwenye begi laini. Mkoba wa jinzi wenye kilo moja haununuliki. Shona vinavyokunjika: pochi, mfuko mwembamba wa kitenge unaoingia kwenye mfuko wake mwenyewe, kifuko cha darubini au kamera. Wakati wa kiangazi vumbi la hifadhini linauza vifuniko vya kamera kuliko tangazo lolote.

Wanaokuja kwa gari kutoka Dar na Morogoro. Hawa wana nafasi, wana watoto, wanasimama kula. Mkoba wa jinzi ni wao.

Madereva wa malori. Barabara ya kwenda Zambia inapita katikati ya mji wa Mikumi na ninyi mnaangalia watalii tu! Dereva anahitaji mto wa mgongo, pazia la kibanda, mfuko imara wa nyaraka. Anarudi kila mwezi, na akiridhika anawaambia wenzake.

Abiria wa reli ya kisasa. Kilosa ina stesheni ya SGR, na treni za Dar hadi Dodoma zimekuwa zikibeba abiria tangu 2024. Mteja wa Dodoma anaweza kuagiza kwa simu na kupokea mzigo kwa ndugu anayesafiri.

Majirani. Hawatanunua kiraka, na wana haki. Aliyevaa viraka utotoni kwa kukosa havutiwi na mkoba wa viraka. Wauzie mifuko ya sokoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, na ile mbadala ya bei ndogo inachanika upesi. Mfuko wa kitambaa cha pazia unabeba kilo kumi za mchele miaka kadhaa.

Mkipeleka bidhaa kwenye duka la hoteli kwa mali kauli, andikeni orodha, pande zote mbili zisaini, piga picha orodha na bidhaa zenyewe. Panga siku ya kuhesabu. Mali kauli bila maandishi ni zawadi.

Picha za kuuzia zipigwe kivulini karibu na mlango, si kwenye jua la saa sita. Tatu zinatosha: mbele, ndani, na mshono kwa karibu. Weka chupa ya maji kando ili ukubwa ueleweke. WhatsApp Business ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei bila malipo. Andika bei. "Njoo inbox" inafukuza mteja mwenye aibu, na mteja mwenye aibu huwa na hela.

## Bei isiyokula mtaji

Tuseme jinzi umeipata kwa shilingi 4,000, uzi na kamba ya mkonge 2,000. Umetumia saa mbili. Unataka upate 15,000 kwa siku ya saa nane, kwa hiyo saa mbili ni 3,750. Pango na umeme weka 1,000. Jumla 10,750. Ukiuza 10,000 na kufurahi, umemlipa mteja 750 aondoke na mkoba wako.

Suluhisho si kupandisha bei tu. Tazama ni wapi muda unakwenda. Mara nyingi ni kwenye kufumua na kwenye kufikiria. Fumua jinzi tano kwa mkupuo, kata tano, shona tano. Na usibuni upya kila mkoba: patani iwe ile ile, kinachobadilika ni kitambaa. Huko Kampala, Bobby Kolade na chapa yake ya Buzigahill alianza mwaka 2022 kuvunja mitumba na kuishona upya, kisha kuiuza katika nchi ilikotoka, mkusanyiko akauita Return to Sender. Hata kazi ya namna hiyo hailipi kama kila nguo inaanza na ukurasa mweupe.

## Mambo yatakayowapeleka polisi

Hapa sina mzaha, hasa kwa walio Mikumi.

- Manyoya ya ndege pori, miba ya nungunungu, makucha, meno, vipande vya ngozi ya wanyamapori: usiviweke kwenye mkoba, hereni wala mkufu, hata kama umeviokota barabarani. Kuwa na nyara bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na adhabu zake ni nzito. Mtoto akikuletea, usipokee.
- Nembo ya hifadhi, ya timu ya mpira au ya kampuni si yako. Chora twiga wako mwenyewe. Picha ya tembo uliyoipakua mtandaoni ina mwenyewe.
- Picha ya mteja akiwa amevaa kazi yako usiirushe bila ruhusa yake, na vipimo vyake usimwonyeshe mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu hata fundi wa barazani. Omba ruhusa kwa ujumbe ili maandishi yabaki.
- Usiandike "rafiki wa mazingira" kwenye lebo kisha basi. Andika ukweli unaoweza kuuthibitisha: "Umeshonwa Kilosa kwa jinzi ya mtumba, bitana ni shati la pamba, fua kwa maji baridi." Mgeni anayeuliza maswali atauliza hilo hilo.

## Mabaki ya mabaki

Yapo, hayaepukiki. Mabaki ya pamba wauzie mafundi magari kama matambara ya kufutia oili. Vipande vidogo vya poliesta vijaze mito ya madereva. Usichome poliesta, moshi wake ni sumu. Usitupe mtaroni wala mto Mkondoa. Waliokuwepo Kilosa wakati wa mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 hawahitaji kuelezwa maji ya mto huo yanafanya nini, na kitambaa kilicholowa huziba mtaro vizuri kuliko majani.

Msidanganywe kwamba kuna mahali vinarudishwa kuwa nyuzi mpya. Ripoti ya Wakfu wa Ellen MacArthur ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba duniani kote chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo hurudi kuwa nguo. Nguo iliyopo ikivaliwa muda mrefu zaidi ndiyo faida ya kweli, na ndiyo maana niliweka marekebisho mwanzo.

## Mnayoniuliza kila mara

"Bando ni ghali." Kuchora hakuhitaji bando. Pakua programu mara moja, fanya kazi bila mtandao, tuma picha jioni.

"Wataniiga." Wataiga. Mkoba hauna siri. Wasichoweza kuiga haraka ni jedwali lako la vipimo vya wateja na uaminifu wa tarehe. Fundi anayemaliza siku aliyosema ni nadra kuliko mbunifu.

"Si rahisi kununua kitenge kipya tu?" Mara nyingine ndiyo, na usione haya kununua. Nguo ya harusi usiunge kwa mabaki. Mabaki ni kwa mifuko, mapambo, mikono, mikanda, nguo za watoto.

"Nijifunzie wapi?" Nenda VETA Mikumi uulize kozi fupi za ushonaji na za kompyuta, au ofisi ya SIDO Morogoro. Usilipe mtu anayetangaza kufundisha "fasheni ya kidijitali" kwa siku moja hadi akuonyeshe nguo aliyoikata kwa patani yake mwenyewe.

"Mkopo je?" Halmashauri hutoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nendeni na daftari la mauzo ya miezi kadhaa, si na wazo. Na mkopo wa kikundi ukope na watu ambao umeshashona nao, maana mmoja akikimbia deni linabaki kwenu.

"Ninunue belo zima lini?" Baada ya kuwa na patani mbili zinazouzika bila kubembeleza, na wateja waliokwisha kulipa advansi ya kutosha kurudisha angalau nusu ya bei yake. Kama leo huna hata mteja mmoja wa kupunguziwa suruali, usinunue. Belo hulipwa taslimu, hufunguliwa baada ya kulipa, na halirudishwi.